Bealach na Bà kwa baiskeli: miguu ilipona, vidole viliteseka

Kila nikisema nimepanda Bealach na Bà, barabara ya mlimani huko Uskoti, huulizwa kama miguu ilistahimili. Miguu haikuwa na neno.

Niliteremka treni Achnasheen, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, nikafuata bonde la Glen Carron hadi pwani. Unapita Loch Sgamhain, Loch Dughaill, kisha Loch Carron. Mawili ya kwanza ni maziwa. La tatu ni hori la bahari, lina mwani na harufu ya chumvi. Wenyeji huyaita yote loch, Mswahili angeyatenga.

Mlima unaanzia Tornapress, karibu na usawa wa bahari, hadi mita 626 ndani ya kilomita 9 hivi. Wastani wa mwinuko ni asilimia 7, lakini kwenye kona za juu unakaribia 20. Jina Bealach na Bà kwa Kigaeli ni njia ya ng'ombe, na kweli wafugaji waliswaga mifugo hapa. Mahali kama hapa meno ya gia yana faida kuliko misuli. Mimi nilifunga gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja, yaani mita 2.1. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, miguu huzunguka kama mara 48 kwa dakika. Ukiwa na 28 nyuma ni mara 39 tu, kila mkanyago mzito zaidi, na magoti ndiyo yanayolipa.

Barabara ni ya gari moja, yenye vituo vya kupishania. Ukisikia injini, jitenge mapema. Kuanza upya kwenye mwinuko ule ni shughuli.

Kileleni ukungu ulitanda, kisiwa cha Skye sikukiona hata kivuli. Nilikuwa nimeloa jasho, na kwa haraka ya kijinga nikaanza kushuka bila koti wala glavu. Ukiacha kukanyaga mwili hautengenezi joto jingi tena, na upepo unakomba lililobaki. Breki zangu ni za rimu, yaani pedi hubana ukingo wa gurudumu: rimu ikiloa, pedi hupangusa maji kwanza ndipo zishike. Kwa hiyo unabana mapema, unaachia, unabana tena. Sasa vidole vikifa ganzi, utajuaje unabana kiasi gani? Nilisimama mara mbili kuvitia kwapani.

Chini, kijijini Applecross, nilikunywa supu mbili. Kutoka hapo hadi Shieldaig ni njia ya pwani iliyojengwa miaka ya 1970. Kabla yake, njia ya gari ilikuwa mlima ule ule. Njia hiyo ya pwani ramani huionyesha kama mteremko wa kupumzikia. Uongo! Ni vilima vifupi visivyokwisha, na kondoo wamelala katikati ya lami.

Nilifika stesheni ya Strathcarron cheni ikilia kama panya, zaidi ya kilomita 100 nyuma yangu. Kesho yake nilifungua pedi za breki: zilikuwa zimebaki unene wa kucha.