Panja zinapanda na bado kijana: maswali mnayoniuliza kila siku

Swali: Dokta nina miaka 23, nywele za mbele zinarudi nyuma. Naumwa?

Huumwi. Ni ya kurithi, kwa baba au kwa mama, kuna homoni inaitwa DHT inasinyaza mizizi ya nywele za mbele na utosini mpaka zinatoka nyembamba halafu zinakata. Kofia haihusiki. Ila kama zimetoka kwa viduara au kuna magamba na usaha hiyo ni habari nyingine, njoo uangaliwe. Na muangalie kinyozi wako pia, kuna wanaochonga laini mpaka wanakuongezea panja wenyewe.

Swali: Mshkaji wangu Masasi kasema nipake mafuta ya ganda la korosho, yanawasha lakini ndo yanazibua.

Hapana. Hayazibui kitu, yanaunguza, waulize akina mama wanaobangua kwa mkono vidole vyao vinakuwaje. Hii ya "ikiwasha ujue dawa inaingia" ndo inayonichosha, maana kila pesa ya korosho ikitoka naletewa vijana wana malengelenge kwenye paji la uso. Kuwasha ni ngozi inalalamika. Ukiungua sana linabaki kovu, na penye kovu mzizi umeshakufa, hapo hakuna dawa ya kuurudisha.

Swali: Basi kitunguu swaumu na tangawizi, hivyo vinachoma kidogo tu?

Mdogo wangu, nimesema hapana. Kinachochoma acha. Leo, sio chupa ikiisha.

Swali: Sasa dawa ya kweli ipi?

Minoxidil ya kupaka, ya asilimia 5, mara mbili kwa siku kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi, usiogope, subiri miezi 4 hadi 6. Inasaidia zaidi utosini kuliko mbele, na kazi yake kubwa ni kuzuia zilizopo zisiondoke, ndo maana ukija mapema unapona na nyingi. Ukiacha, ulichopata kinaondoka. Moyo ukienda mbio au kizunguzungu, acha uje.

Swali: Na vidonge?

Finasteride miligramu 1 kwa siku, anaandika daktari. Vya miligramu 5 ni vya tezi dume, usimuibie babu. Kwa wachache hamu ya tendo inapungua au mtu anakuwa na huzuni, ukiona hivyo sema, usikae kimya kwa aibu. Mke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Swali: Kupandikiza je?

Ipo, wanahamisha nywele za kisogoni kuja mbele. Ni ghali, na kwa miaka 20 na kitu mapema mno kwa sababu zilizo nyuma ya hapo zinaendelea kuondoka unabaki na kisiwa. Kunyoa zote pia ni jibu, na ni la bei rahisi kuliko yote.

Swali: Nimeshapaka korosho, pamevimba. Nipake asali?

Usipake chochote! Wala asali, wala dawa ya meno, wala ile krimu ya kuchanganya ya dukani. Osha kwa sabuni na maji mengi sasa hivi, usitumbue malengelenge, nenda zahanati ya karibu leo leo, ikiwa imeingia jichoni suuza kwa maji safi muda mrefu halafu moja kwa moja hospitali ya mkoa: Ligula kama uko Mtwara, au Sokoine kama uko Lindi.