Aliyelala fofofo anapewaje dawa ya maumivu?

"Munganga, si mutoto atakuwa amelala? Hiyo dawa ya maumivu ni ya nini tena?" Mjini Bukavu, mzazi anayemsindikiza mwanawe kwenye upasuaji anaweza kabisa kuuliza hivyo, na si swali la kijinga.

Nusukaputi huzima ufahamu, haizimi neva zote. Kisu kikipita, taarifa za jeraha bado zinapanda kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, ila mwenye kuzisikia hayupo. Ndiyo maana wataalamu husita kuziita maumivu. Hata hivyo mwili haunyamazi: moyo huenda mbio, presha hupanda, jasho hutoka, mboni hupanuka. Kujikunja tu ndiko kusikowezekana, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa amepewa pia dawa ya kulegeza misuli.

Kutuliza maumivu kwa kuongozwa na vipimo ni kufuata dalili hizo muda wote wa upasuaji, na kuongeza au kupunguza dawa kama fentanili kadiri zinavyobadilika. Shida ni kwamba mapigo ya moyo hudanganya. Anayepoteza damu naye moyo humwenda mbio, na kumwongezea dawa hiyo wakati huo kunaweza kumwangusha presha.

Vikabuniwa vifaa. Kimoja kiitwacho ANI, kilichozaliwa Lille, Ufaransa, hufuata jambo ambalo hata wewe unaweza kulihisi mkononi: ukivuta pumzi mapigo huharakisha kidogo, ukiitoa hupoa. Mwili ukishtuliwa na jeraha, tofauti hiyo hufifia. Kifaa huitoa kama namba, 0 hadi 100. Kati ya 50 na 70 ni shwari; chini ya 50, huenda dawa haitoshi. Atropini, dawa ya kuharakisha moyo, huvuruga hesabu hiyo, na moyo usiopiga kwa mpangilio vilevile. Vifaa vingine hupima mboni kwa kamera, au mawimbi ya damu kidoleni.

Dawa ya maumivu ikizidi huleta kutapika na pumzi hafifu, za polepole, baada ya kuamka. Wengine, ajabu, huamka wakiumia zaidi. Katika majaribio kadhaa vifaa hivi vimepunguza dawa inayotumika. Kama mgonjwa huamka na maumivu yaliyopungua, hapo majibu yanapishana.

Pasipo na mashine ipo hesabu ya zamani: presha, mapigo, jasho na machozi, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2. Kwa machozi, mtaalamu hufunua tu kope.