Je, wajua? Utando wa kuzalishia haidrojeni si chujio

Kwenye michoro ya mitambo inayopasua maji kwa umeme huonekana utando mwembamba katikati: upande huu maji na viputo vya oksijeni, upande wa pili haidrojeni. Wengi huhitimisha kwamba ni chujio, haidrojeni inapenya kwa kuwa ni ndogo na oksijeni inakwama. Maelezo yanavutia, ila si kweli. Gesi ya haidrojeni haitakiwi kupenya hapo hata kidogo. Ikifika takriban asilimia 4 ndani ya oksijeni, mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Kazi ya utando ni kuzitenga gesi hizo, na elektroni nazo haziruhusiwi.

Kinachovuka ni protoni, yaani atomu ya haidrojeni iliyopoteza elektroni yake. Maji hupasuliwa kwenye anodi, yaani ncha chanya ya umeme: oksijeni inatoka, elektroni zinazunguka kwa waya, protoni zinaingia kwenye utando. Zinakutana na elektroni kwenye kathodi, ncha hasi, na gesi ya haidrojeni huzaliwa hapo, si kabla.

Utando maarufu zaidi ni Nafion, uliobuniwa na kampuni ya DuPont, Marekani, miaka ya 1960. Ni ndugu wa tefloni ya vikaango, lakini umeoteshwa matawi ya asidi yenye salfa. Tefloni hukataa maji, matawi huyavuta, hivyo ndani hujengeka vijia vya maji vyenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Umbo halisi la vijia hivyo wataalamu bado wanalibishania.

Fikiria benchi la wagonjwa zahanati. Anayefika anakaa mwisho, wote wanasogea, wa mbele anaingia kwa daktari. Aliyeingia siye aliyefika sasa hivi. Protoni nayo hukabidhiwa molekuli ya maji, ambayo huachia protoni nyingine mbele, na chaji hufika ng'ambo upesi. Mwanakemia Theodor von Grotthuss alitoa wazo la kupokezana namna hii mwaka 1806, wakati fomula ya maji haijulikani na protoni haijagunduliwa!

Benchi halielezi yote. Baadhi ya protoni hubebwa na molekuli za maji zinazosafiri zenyewe. Kwa vyovyote maji yanahitajika: utando ukikauka, protoni hupita kwa shida.

Kupunguza unene wa utando, ambao kwa Nafion 117 (aina mojawapo ya Nafion) ni kama milimita 0.18, huokoa umeme lakini huongeza uvujaji wa haidrojeni. Asidi yake nayo hula metali nyingi, ndiyo maana anodi hupakwa iridi, metali adimu ambayo dunia nzima huzalisha tani zisizofika 10 kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini.