Kwa Nini Msambu Dume Usikatwe

Katika mashamba ya iliki yanayopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, msambu huachwa usimame kwa ajili ya kivuli chake na mbegu zake zinazokamuliwa mafuta. Lakini unaoachwa ni ule unaozaa. Usiozaa, yaani dume, huonekana mzigo, ukakatwa kuni au mbao, na jambo hilo linanitia wasiwasi mkubwa mimi ninayeshughulika na vinasaba vya miti ya asili.

Msambu (Allanblackia stuhlmannii) ni mti wa Milima ya Tao la Mashariki, wala hauoti kiasili nje ya Tanzania. Mti mmoja hutoa maua ya kiume tu, mwingine ya kike tu. Ukiokota ua lililoanguka utatambua: la kiume lina stameni, yaani viungo vinavyotoa chavua, zilizojikusanya katika mafungu matano manene, na la kike limebeba katikati ovari iliyotuna, ambayo ndiyo itakayokuwa lile tunda refu la kahawia. Kwa hiyo hakuna msambu unaojichavusha, na kila mbegu huchanganya urithi wa wazazi wawili.

Sisi wa fani hii hutofautisha idadi ya miti unayoihesabu kwa macho na idadi fanisi, yaani ile inayopima kasi ya kupotea kwa anuwai ya vinasaba. Zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawa kwa jumla yao. Miti 100 yenye madume 50 na majike 50 hubaki 100. Yakiwa majike 90 na madume 10, macho bado yataona miti 100, ilhali kijenetiki ni kama 36 tu, kwa sababu nusu ya urithi wa kizazi kizima imetoka kwa baba 10. Hasara hii huchelewa kuonekana, maana majike huendelea kuzaa maadamu chavua ipo. Watakaoathirika ni miche, ambayo mingi itakuwa ndugu wa baba mmoja.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha mafuta haya yatumike katika chakula, na kwa kuwa mbegu hukawia mno kuota, kubebesha vikonyo, yaani kuunganisha kijitawi cha mti uliokomaa kwenye mche mwingine, ni njia ya busara. Siipingi hata kidogo. Ninachoomba ni vikonyo visitoke kwenye miti michache inayosifiwa kijijini. Aina ya jeni iliyo adimu, yenye kiwango cha asilimia 5 msituni, ina nafasi ya asilimia 40 hivi ya kuingia kitaluni ukichukua miti 5. Ukichukua 30 isiyo na undugu, nafasi hufika asilimia 95. Na miongoni mwa hiyo 30 madume yawemo, vikonyo vyao vitiwe lebo na kugawiwa wakulima pamoja na vya majike.