Ndama Kipofu: Tazama Alichokula Mama Kiangazi

Ndama aliyezaliwa leo akiwa anagonga kuta za banda, usikimbilie dawa ya macho. Mmulike tochi kwanza. Ikiwa jicho ni safi, halina ukungu wala usaha, lakini mboni imepanuka na haisinyai kwa mwanga, matone hayatasaidia kitu. Yapo magonjwa mengine yanayoleta hali hii, virusi vya BVD (ugonjwa wa kuhara wa ng'ombe) vikiwemo, kwa hiyo daktari wa mifugo amchunguze. Ila baada ya kiangazi kirefu, mimi huanza kushuku upungufu wa vitamini A kwa mama. Mifupa ya fuvu inayokosa vitamini hii hukua vibaya, na tundu linalopitisha neva ya jicho hubana. Neva ikishakufa, hakuna sindano ya kuirudisha.

Mwaka 1933, Fred Hale wa Texas, Marekani, alieleza habari za nguruwe jike aliyenyimwa vitamini A kabla ya kupandwa na mwanzoni mwa mimba. Alizaa watoto 11, wote hawana macho kabisa. Ukoo uleule ulipopewa lishe kamili, watoto walizaliwa na macho yao. Halikuwa suala la kurithi.

Ng'ombe hutengeneza vitamini A kutokana na karotini, yaani rangi ya njano iliyomo kwenye majani mabichi, na kuiweka akiba kwenye ini. Akiba hiyo humtosha miezi 2 hadi 4 tu. Mabua ya mahindi na nyasi zilizopauka kwa jua karibu hazina karotini, na pumba za mahindi meupe hazizibi pengo. Ng'ombe mwenye mimba anahitaji takribani IU 2,800 (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini) kwa kila kilo ya chakula kikavu. Anayekula kilo 9 kwa siku anahitaji kama IU 25,000. Dalili ya mapema ni kujikwaa jioni giza linapoingia. Baadaye huja mimba kutoka, kondo la nyuma kung'ang'ania, na ndama dhaifu.

Dawa bora ni majani mabichi kila siku: lusina, majani ya viazi vitamu, matete. Nyasi za akiba zikate zingali kijani na uzikaushie kivulini. Yasipopatikana majani, sindano ya IU milioni 1 kwenye msuli humlinda ng'ombe mkubwa miezi 2 hadi 4. Mimi hupendelea achomwe miezi miwili kabla ya kuzaa. Hesabu IU, usihesabu mililita. Chupa yenye IU 80,000 kwa mililita inahitaji mililita 12.5, na yenye IU 300,000 inahitaji 3.3 tu. Wengi hukosea hapa, na kuzidisha kuna hatari yake: vitamini A nyingi mno mwanzoni mwa mimba nayo huharibu viungo vya kijusi. Chupa na mchanganyiko wa madini vikae mbali na jua na joto, maana vitamini hii huharibika upesi.

Kondo hupitisha vitamini A kidogo sana, hata mama akiwa ameshiba. Ndama huitegemea dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kwa hiyo anyonye ndani ya saa chache za kwanza. Dang'a ya ng'ombe yenye rangi ya njano iliyokolea ina karotini ya kutosha. Kwa mbuzi usitumie kipimo hicho cha rangi: yeye hugeuza karotini karibu yote kuwa vitamini A, na maziwa yake huwa meupe hata akiwa na afya njema.