Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha utani

Hadithi hii haiishi mitandaoni: mwaka 1962, Tanganyika, mwanafunzi alitoa kichekesho, wenzake wakaangua kicheko, na watu wakacheka mfululizo kwa miezi. Tukio lenyewe ni la kweli. Lakini hakuna binadamu anayeweza kucheka miezi bila kupumzika, pumzi hairuhusu. Na kichekesho hakimo katika taarifa ya madaktari Rankin na Philip, iliyochapishwa 1963.

Wanachoeleza ni kwamba tarehe 30 Januari wasichana 3 wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka, kulia na kuhangaika. Hali iliwashika kwa saa chache, ikaachia, kisha ikarudi. Kwa wengine ilijirudia hadi siku 16. Haikuwa furaha. Baadhi walihofu kwamba kuna mtu anawakimbiza, na ukijaribu kuwazuia walipambana nawe. Shule ilipofungwa mwezi Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa, ila mwalimu hata mmoja hakuguswa. Wasichana waliporudi makwao, hali ikazuka pia Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao.

Vipimo havikuonyesha sumu wala vijidudu. Maelezo yenye nguvu hadi leo ni msongo wa mawazo unaojitokeza mwilini na kuenea kwa kuonana, hasa kati ya vijana wanaoishi pamoja chini ya shinikizo. Kicheko huambukiza hata pasipo cha kuchekesha. Inaniuma kuona mateso ya wale mabinti yakisimuliwa kama kichekesho.