Ufa hai na ufa uliotulia

Ufa hai ni ufa ambao bado unatembea: unarefuka, unapanuka, au unafunguka kiangazi na kujibana mvua zikinyesha. Ufa uliotulia ni ule ambao chanzo chake kimeshakwisha. Fundi akiziba ufa hai kwa wolputi (unga laini wa kusawazisha ukuta kabla ya rangi) na kuupaka rangi, utarudi palepale, na inasikitisha kuona nyumba nyingi Dar es Salaam zikipakwa upya kila mara bila mtu kuupima ufa wenyewe.

Kuupima si kazi ngumu. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe hapohapo ukutani. Pale ulipo mpana zaidi, chora kistari kila upande na upime umbali kati ya vistari hivyo kwa milimita. Rudia kila mwezi, na usikate shauri kabla masika (Machi hadi Mei) hayajapita na kiangazi kuingia, maana udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi hufuata.

Umbo la ufa nalo linasema mengi. Vijiufa visivyofika milimita 1, vilivyosambaa ukutani kama utando wa buibui, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa, hivyo havitishi. Mstari wima kati ya nguzo ya zege na matofali unatokana na vitu viwili visivyotanuka sawasawa. Unaotoka kona ya dirisha au mlango kwa mshazari, hasa ukipanuka kadiri unavyopanda, ndio wa kuutilia shaka: huenda msingi umetitia upande mmoja, au lenta, yaani boriti inayolala juu ya dirisha au mlango, ni fupi au haipo.

Kwenye dari ya jipsam, mstari ulionyooka huwa ni maungio ya bodi yaliyokosa tepu, au mbao zilizofungwa zikiwa mbichi. Dari ya zege ni habari nyingine. Ukiona ufa wenye doa la kahawia, nondo inaota kutu, na hewa ya chumvi ya pwani huichochea. Gonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikilia utupu, usiache kitanda chini yake. Hapo zege bovu linabomolewa na nondo kusafishwa kwanza.

Ufa uliotulia unachongwa kwa patasi, unafagiliwa vumbi, unaloweshwa, kisha unajazwa. Penye nguzo na tofali, wavu wa waya hupigiliwa kabla ya plasta. Kutengeneza ufa hai kunaanzia kwenye chanzo chake: bomba linalovuja, karo la maji machafu lililo karibu na msingi, maji ya bati yanayomwagikia ukutani. Ukizidi milimita 5, au milango ikianza kukwama, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi.